Binti akiingia utawani, je, ukoo unampoteza?

«Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Binti yangu wa pili amemaliza kidato cha sita na anataka kuwa sista. Mimi nimekubali, lakini shemeji zangu wamechachamaa. Mkubwa wao alisema mbele ya watu kwamba masista hufundishwa kuwakana wazazi, akatoa mfano wa mtakatifu mmoja wa Ufaransa aliyemruka mwanawe aliyelala mlangoni, akaenda zake konventini, yaani nyumba ya watawa. Mwingine akasema zamani huko Ulaya konventi zilikuwa magereza ya mabinti wasiotakiwa na baba zao. Katekista wetu alitaka kunitetea, akasema Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita karibu na kwao akienda India na hakuingia hata kumuaga mama yake, na kwamba huo ndio utakatifu wenyewe. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Mambo haya ni kweli? Na kama ni kweli, je, ninampoteza mwanangu?»

Milele na milele, Amina.

Mama, umeleta hadithi tatu ulizosimuliwa na hofu moja ambayo ni yako mwenyewe. Hadithi zote tatu zinatoka zama zilezile, kati ya mwaka 1500 na 1700, pale mashirika mengi ya kitawa ya Kanisa Katoliki huko Ulaya yalipoanzishwa au kufanyiwa matengenezo makubwa. Ndiyo historia ninayoifundisha. Nikwambie mapema: moja ya hadithi hizo si ya kweli, moja ni ya kweli ila imekatwa katikati, na ya tatu ni ya kweli kabisa, tena ina uchungu kuliko shemeji yako anavyodhani. Hofu yako nitaifikia, wala sitaipita juujuu.

Ya katekista ni fupi. Fransisko Ksaveri alitoka Roma mwaka 1540 kwenda Lisbon kupanda merikebu ya India. Wahubiri wamesimulia kwa karne nyingi kwamba njiani alipita jirani na kwao Navarra akakataa kugeuka amwone mama yake. Lakini mama yake, María de Azpilcueta, alifariki mwaka 1529, miaka kumi na mmoja kabla ya safari ile. Hapakuwa na mama wa kuagwa. Katekista wako hakukudanganya kwa makusudi, amerudia kilichohubiriwa kabla yake. Na Ksaveri huyohuyo, ambaye alitia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, miaka michache baadaye aliwaandikia wenzake wa Ulaya kutoka visiwa vya Maluku kwamba amekata majina yao kwenye barua zao, yale waliyoyaandika kwa mikono yao wenyewe, na anayabeba mwilini kila aendako. Mtu aliyefundishwa kusahau watu hafanyi hivyo.

Sasa huyo aliyemruka mwanawe. Ni Jeanne de Chantal, mzaliwa wa Dijon mwaka 1572. Mumewe aliuawa kwa ajali ya kuwinda mwaka 1601, akamwacha mjane na watoto wanne, wa kiume mmoja na wa kike watatu. Shemeji yako anasimulia kana kwamba mama huyu aliamka asubuhi moja akaondoka. Sivyo. Alikaa miaka karibu tisa akilea, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliishi kwa baba mkwe mkali ambaye hakumpa raha hata siku moja. Alipoondoka Dijon mwaka 1610 kwenda Annecy kuanzisha shirika la Maonano pamoja na askofu Francis de Sales, binti yake mkubwa alikuwa ameshaolewa, tena na ndugu wa askofu huyohuyo, na nyumba ya mumewe ilikuwa upande huohuo anakokwenda mama yake. Mdogo kabisa alikuwa amefariki miezi michache kabla. Wa katikati, Françoise, alifuatana na mama yake. Mvulana, Celse-Bénigne, mwenye miaka kama kumi na minne, ndiye aliyebaki kwa babu yake mzaa mama ili asome. Na ni yeye aliyelala kizingitini.

Ni kweli alilala, na ni kweli mama yake alipita juu yake, machozi yakimtoka. Sitakuficha hilo. Lakini hadithi inaendelea. Mwaka uliofuata babu alipofariki, Jeanne alirudi Dijon akakaa miezi kadhaa kupanga mambo ya mirathi na ya mtoto. Baadaye alishughulikia ndoa ya Françoise. Binti yake mkubwa alipofariki mwaka 1617, alimlilia mpaka watu wakamhofia. Aliendelea kuwaandikia na kuwahangaikia watoto wake maisha yake yote, na mvulana yule alipouawa vitani mwaka 1627, habari zake zilimchoma kama zinavyomchoma mzazi yeyote. Anayekusimulia kizingiti peke yake amekupa dakika moja kati ya miaka thelathini na moja aliyoishi baada ya kuondoka Dijon.

Hadithi ya tatu, ile ya magereza, ndiyo inayofafanua hizo nyingine mbili, kwa hiyo nivumilie.

Kwetu, kwa makabila mengi, mahari huingia kwa upande wa binti. Anayeoa ndiye anayetoa. Venice, Florence na miji mingi ya Ulaya ya wakati ule, mambo yalikwenda kinyume: baba wa binti ndiye aliyetoa mali kwa nyumba ya mume, na kiasi kilikuwa kikipanda kila kizazi kwa sababu familia kubwa zilishindana kupata wakwe wa hadhi. Baba mwenye mabinti wanne alikuwa akiangalia nusu ya mali yake ikitoka mlangoni. Konventi nazo zilidai malipo kutoka kwa familia ya anayeingia, ila ilikuwa sehemu ndogo tu ya gharama ya kumwoza. Hesabu ikawa rahisi: oza mmoja vizuri, wengine wapeleke kwa watawa. Wanahistoria wanakadiria kwamba mwishoni mwa karne ya 16, karibu nusu ya mabinti wa tabaka tawala la Venice waliishi konventini. Hakuna aliyejua moyo wa mwanadamu angeamini kwamba wote hao waliitwa na Mungu.

Mmoja wao alisema. Arcangela Tarabotti alizaliwa Venice mwaka 1604, mtoto wa kwanza katika nyumba yenye mabinti wengi, naye alikuwa kilema wa mguu. Aliingizwa konventi ya Sant'Anna akiwa bado msichana mdogo, akaishi humo hadi kifo chake mwaka 1652. Hakwenda shule ya maana, lakini alijisomea mwenyewe, akaandika vitabu kuwashutumu akina baba na watawala wa mji kwamba wanamtolea Mungu kile wasichokitaka wao, yaani binti mlemavu au asiye na bahati ya mchumba, kisha wanakiita sadaka. Kimoja cha vitabu hivyo kilichapishwa baada ya kifo chake, na Kanisa likakipiga marufuku. Kwa hiyo shemeji yako huyo wa pili hakukosea. Palikuwa na mabinti waliofungwa, na tunajua hivyo kutoka kwa mmoja wao.

Lakini angalia ni nani aliyefunga. Mikono iliyompeleka Arcangela ilikuwa ya ukoo wake. Na hapo ndipo Kanisa lilipojaribu kuingilia. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, katika kikao chake cha mwisho mwezi Desemba 1563, ulitoa kanuni ambazo kwa wakati ule zilikuwa kali mno. Hakuna kuweka nadhiri kabla ya kutimiza miaka kumi na sita na kukaa unovisi, yaani kipindi cha majaribio, mwaka mzima. Kabla ya nadhiri, askofu au mjumbe wake amhoji binti peke yake: anaelewa anachokifanya? Amelazimishwa? Amedanganywa? Katika mwaka wa unovisi, wazazi wasiipe konventi mali yoyote zaidi ya chakula na mavazi ya binti, ili asije akashindwa kutoka kwa sababu mali yake imeshashikwa. Yeyote atakayemlazimisha mwanamke kuingia utawani, awe baba, awe mkuu wa nchi, ametengwa na Kanisa. Na hukumu hiyohiyo ikatolewa kwa yeyote atakayemzuia mwanamke anayetaka kuingia kwa hiari yake. Hili la mwisho wasomee shemeji zako kwa upole, Mama. Mtaguso uliweka kumsukuma na kumzuia kwenye mizani moja.

Je, kanuni hizo zilifanya kazi? Kwa kiasi. Binti aliyetishwa tangu utotoni hujibu «nataka» hata mbele ya askofu. Aliyewekeshwa nadhiri kwa nguvu alipewa miaka mitano ya kulalamika zitenguliwe, na wengi walipeleka mashauri yao hadi Roma. Jambo linaloshangaza watu ni kwamba wengi wa walalamikaji hao walikuwa wanaume: vijana waliosukumwa utawani na baba au kaka ili urithi usigawanyike. Ukoo uliokuwa ukilinda mali haukuchagua jinsia.

Hapo sasa tunaweza kuyaelewa yale maneno makali ambayo shemeji yako aliyasikia vipandevipande. Katiba ya Wajesuiti, shirika lilelile la Ksaveri, iliyoandikwa na Ignasi wa Loyola, inamshauri anayeingia azoee kusema kwamba alikuwa na wazazi, wala si kwamba anao. Inatajwa pamoja na neno la Bwana katika Luka 14:26 juu ya kumchukia baba na mama. Ukilisoma hilo peke yake, damu inasisimka. Lakini endelea na sentensi: inasema mapenzi ya kimwili kwa ndugu yageuzwe kuwa mapenzi ya kiroho, wapendwe kwa namna ambayo upendo wenye mpango unadai. Hakuna mahali inapoagiza mtu aache kuwapenda. Kinachokatwa ni mamlaka ya ukoo juu ya maamuzi yake. Ignasi mwenyewe aliporudi kwao Azpeitia mwaka 1535, kaka yake alimtaka akae katika ngome ya familia. Akakataa, akalala kwenye hospitali ya maskini ya mji uleule. Alikuja, alionekana na ndugu zake, alihubiri, lakini hakula mezani kwa bwana mkubwa. Ukitaka kujua alichokikimbia, ndicho hicho: jina, ngome na meza.

Teresa wa Avila alilijua tatizo hilo kwa ndani. Monasteri aliyoingia mwaka 1535, akitoroka nyumbani alfajiri bila ruhusa ya baba, ilikuwa imejaa ukoo. Mabinti wa matajiri walikuwa na vyumba vyao, watumishi wao na ndugu zao wa kuishi nao, na heshima ya kila mmoja ilifuata heshima ya baba yake. Maskini walilala bweni. Alipoanzisha nyumba yake ya kwanza ya matengenezo mwaka 1562, alifuta vyeo vya kifamilia, akaanza na watawa wachache sana, akapokea hata wasio na mali ya kuleta. Sheria zake kuhusu kutembelewa na ndugu ni kali. Lakini yeye huyohuyo ndiye aliyeandika kwamba siku alipotoka nyumbani kwa baba yake, maumivu yalikuwa kama mifupa yake inaachana. Na nyumba hiyo ya kwanza ilijengwa kwa sehemu kwa fedha alizotumiwa na kaka yake Lorenzo kutoka Quito, Amerika ya Kusini. Lorenzo aliporudi Hispania, binti yake alilelewa kwa shangazi, akaishia kuwa Mkarmeli, yaani mtawa wa shirika la shangazi yake.

Mambo kama hayo utayakuta kila ukurasa. Angélique Arnauld alifanywa abesi, yaani mkuu wa monasteri, wa Port-Royal, karibu na Paris, mwaka 1602 kabla hajatimiza miaka kumi na moja, kwa sababu familia yake ya mawakili ilidanganya Roma kuhusu umri wake ili ipate cheo hicho. Alipokua akaongoka kwelikweli. Tarehe 25 Septemba 1609 baba yake alikuja na mkewe na watoto kutembea kama kawaida, na binti wa miaka kumi na minane akawazuia mlangoni, akaongea na baba kupitia kijidirisha. Baba alipiga kelele, akamwita mtoto asiye na shukrani. Halafu sauti yake ikavunjika, akaanza kumbembeleza ajitunze afya. Kelele Angélique aliziweza, ila kubembelezwa kulimshinda. Akaanguka, akazimia. Lakini hakufungua. Sikia sasa kilichofuata: dada zake kadhaa wakaingia monasteri hiyohiyo, na baada ya baba kufariki mama yao naye akaja kuwa mtawa chini ya binti yake. Mlango uliofungwa siku ile ulifunguka baadaye, ila kila mmoja aliingia kwa uamuzi wake.

Na Aloisi Gonzaga, ambaye vijana wetu wanavipa vyama vyao jina lake, aliukana umarkisi, yaani cheo cha utawala, wa Castiglione mwaka 1585 ukaenda kwa mdogo wake Rodolfo, baada ya kupambana na baba yake kwa miaka. Miaka minne baadaye Rodolfo akagombana na mtawala wa Mantua kuhusu ardhi, damu ikakaribia kumwagika. Nani aliyeitwa? Wajesuiti wenyewe walimtuma Aloisi nyumbani akapatanishe. Akapatanisha. Tena akamshauri Rodolfo amtangaze hadharani mke aliyemuoa kwa siri kwa sababu alikuwa wa tabaka la chini. Hakuwa na chake tena katika urithi, ndiyo maana wote walimsikiliza.

Ninayempenda kuliko wote katika habari hizi ni Virginia, binti wa Galileo, yule mwanasayansi. Alizaliwa nje ya ndoa mwaka 1600, na baba aliona hatapata kumwoza kwa heshima, akamweka pamoja na mdogo wake kwa watawa Waklara wa San Matteo, Arcetri, alipokuwa na miaka kumi na mitatu. Hakuulizwa. Kwa kipimo cha Trento, na cha kwetu, kuingizwa kwake kulikuwa na kasoro kubwa. Hata hivyo, barua zake kama 124 kwa baba yake zimebaki, na ukizisoma utamwona sista Maria Celeste, kama alivyoitwa huko, akimfulia na kumshonea baba kola za mashati, akimtumia matunda aliyoyachemsha kwa sukari, akimwomba shuka la kujifunika wakati wa baridi, akimrudishia saa ya konventi iliyoharibika aitengeneze. Baba yake alipohukumiwa mwaka 1633 na kuamriwa asali zaburi saba za toba kila wiki kwa miaka mitatu, yeye aliomba azisali kwa niaba yake, naye akaanza kabla hata baba hajarudi. Alifariki mwaka uliofuata. Galileo alikuwa amepanga nyumba karibu kabisa na monasteri ili awe jirani naye. Wamsemee mengine, lakini huyo binti wasiseme alimkana baba yake.

Nimekusimulia mazuri, sasa nikupe lililo gumu, maana usingeniamini kama ningelificha.

Marie Guyart alikuwa binti wa mwoka mikate wa Tours. Aliolewa akiwa na miaka kumi na saba, akawa mjane akiwa na kumi na tisa, na mtoto wa miezi sita mkononi. Kwa miaka kumi aliendesha biashara ya usafirishaji ya shemeji yake, kwa bidii na akili ambayo watu walimtegemea, huku moyoni akisikia kuitwa. Mwezi Januari 1631 alimwacha mwanawe Claude kwa dada yake, akaingia kwa Waursulina wa mji uleule. Claude alikuwa hajatimiza miaka kumi na miwili. Siku chache kabla alishahisi kitu, akatoroka, akapotea siku tatu. Na baada ya mama kuingia, mtoto alikusanya wenzake wa shule wakaja kwa kundi mbele ya monasteri, wakipiga kelele. Mama alikuwa ndani akaitambua sauti ya mwanawe katikati ya sauti zote: «Nirudishieni mama yangu!» Mwaka 1639 akapanda meli kwenda Quebec, Kanada, na hawakuonana tena hapa duniani.

Sitakwambia kwamba mtoto yule hakuumia. Aliumia, na alituandikia hayo mwenyewe. Claude akaja kuwa Mbenedikto, na kwa miaka zaidi ya thelathini yeye na mama yake waliandikiana, barua ikisubiri meli ya mwaka mzima kuvuka bahari. Humo alimlaumu, naye mama hakujitetea kwa maneno ya kitakatifu tu. Alikiri kwamba alimtendea kwa ukatili ambao mama hapaswi kuufanya, akamwomba msamaha, na papo hapo akashikilia kwamba Mungu ndiye aliyemwita. Alimfungulia siri za roho yake ambazo hakumfungulia mtu mwingine. Baada ya kifo chake mwaka 1672, ni Claude aliyeyachapisha maisha yake, na tunamjua leo kwa sababu ya mtoto aliyeachwa. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu mwaka 2014. Ukiniuliza mimi, utakatifu wake siutilii shaka, na kilio cha Claude pale mlangoni nacho sikitilii shaka. Mashirika mengi leo hayangempokea mama mwenye mtoto wa umri ule, na nadhani ni sawa hivyo.

Utaona, Mama, hali ya binti yako haifanani hata kidogo na ya Marie wala Jeanne. Yeye hana mtoto wa kumwacha. Wala haifanani na ya Arcangela, kwa kuwa hakuna anayemsukuma. Kama kuna msukumo katika ukoo wenu, unavuta upande wa pili.

Na utawa anaoutaka, kama ni wa masista wa hospitali na shule kama wengi wa hapa kwetu, una mizizi mingine tena. Mwaka 1633 huko Paris, Vinsenti wa Paulo na mjane Louise de Marillac, ambaye naye alikuwa na mwana aliyemhangaisha usiku na mchana, walikusanya mabinti wa vijijini wawahudumie wagonjwa. Vinsenti aliwaambia kwamba monasteri yao ni nyumba za wagonjwa, chumba chao ni cha kupanga, kanisa lao ni la parokia, na ua wao ni mitaa ya mji. Hapakuwa na nondo dirishani. Hata Vinsenti mwenyewe alipata kusimulia jinsi alivyowatembelea ndugu zake maskini kijijini mwaka 1623, akalia njia nzima akirudi, kisha akasumbuka miezi mitatu akitaka kuwatoa katika umaskini wao. Aliogopa kwamba angegeuza huduma ya maskini wote kuwa huduma ya nyumba yake. Hofu hiyo ipo hadi leo katika kila shirika, na ni ya haki: sista akipewa gari la zahanati, ndugu wangapi watataka lifti?

Sheria za Kanisa zinazotumika sasa, za mwaka 1983, zimebeba mafunzo ya mateso hayo yote. Hakuna kuingia unovisi kabla ya kutimiza miaka 17. Unovisi usipungue miezi 12. Nadhiri za kwanza ni za muda, miaka isiyopungua mitatu, na nadhiri za daima haziwezi kuwekwa kabla ya miaka 21. Aliyeingia kwa nguvu, kwa hofu kubwa au kwa hila, kuingia kwake hakuna uhalali. Na akiwa novisi, au nadhiri zake za muda zinapomalizika, anaweza kurudi nyumbani bila kosa. Hilo mwambie binti yako kwa kinywa chako: mlango wa kwenu uko wazi, na akirudi hakuna atakayemsimanga. Mabinti wengine hubaki kwa kuogopa aibu ya kurudi, na aibu hiyo inatengenezwa na sisi nyumbani.

Suala la kuwasaidia wazazi ni la kweli, usiache mtu akuambie ni ukosefu wa imani. Bwana aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, yaani sadaka kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama, soma Marko 7. Sista hana mshahara wake mwenyewe, hivyo kama mlitegemea yeye ndiye atakayesomesha wadogo zake, msaada huo hautakuja kwa njia hiyo. Ni afadhali mlijadili sasa, pamoja na shemeji zako, kuliko kulijadili akiwa ameshaweka nadhiri. Mashirika mengi yana utaratibu kwa mzazi mgonjwa au mzee asiye na mtu, lakini yanatofautiana. Ninyi ndio mnaopaswa kuuliza.

Kwa hiyo nakushauri uende mwenyewe, usiniachie mimi wala maandishi. Muone paroko wako kwanza, kisha mkurugenzi wa miito wa jimbo, na umwombe akuunganishe na mlezi wa shirika lenyewe. Nenda na mmoja wa shemeji zako, hasa yule mkubwa. Uliza likizo ya nyumbani ni kila baada ya muda gani, simu zinaruhusiwa lini, wazazi wanaweza kumtembelea novisi siku zipi, na nani atakayekupigia akiugua. Uliza pia vyeti vyake vya shule vitakaa wapi. Mlezi mzuri hatachukizwa na maswali hayo, kwa kawaida hufurahi kuona mzazi anayejali. Lakini ukikutana na watu wanaotaka fedha nyingi kabla ya kumpokea, wanaokwambia msionane kabisa wala msiandikiane, au ambao hawawezi kukuonyesha kibali cha askofu, simama hapo. Nenda ofisi ya jimbo ukaulize kama shirika hilo linajulikana. Kuna vikundi vinavyojiita vya kitawa ambavyo havijatambuliwa na yeyote, na binti aliyenasa humo hutoka kwa shida.

Zaidi ya hayo, kaa naye peke yake jioni moja, shemeji wasiwepo wala katekista, umuulize yale aliyoyauliza mjumbe wa askofu baada ya Trento: unaelewa unachokitaka, na kuna yeyote aliyekusukuma? Pengine amekimbilia huko kwa sababu ya mchumba aliyemuumiza, au matokeo ya mtihani, au nadhiri uliyoiweka wewe ukiwa mgonjwa ukamwahidia Mungu mmoja wa watoto wako. Ukiona lolote kati ya hayo, usimkatalie na usimharakishe. Mpeleke kwa padre au sista mzoefu wa kuongoza vijana, akae naye miezi kadhaa kabla hajajaza fomu yoyote.